Kishindo, Mwambie Mama

Jumatano, 5 Machi

Daktari wa mifugo amenipa kazi ya shule nikiwa na mvi kichwani. Ati niandike kila siku mbwa amefanya nini, na sisi watu wa nyumbani tulikuwa tumefanya nini kabla yake. "Ukisoma baadaye utaona nani anamharibu," akasema. Nikamwambia, daktari, anayemharibu ni shetani. Akacheka, akanipa na kalamu ya tangazo la dawa ya kupe. Haya, naandika.

Mbwa anaitwa Kishindo. Mimi ni fundi wa makochi, na karakana yangu iko mbele ya nyumba, kati ya veranda na geti. Miaka miwili iliyopita mteja mmoja aliniletea kochi lililokaa nje kwake msimu mzima. Nilipopasua kitambaa cha chini nikakuta mtoto wa mbwa kajikunja katikati ya springi, macho ndiyo kwanza yanafunguka. Mteja alilitaka kochi lake, mbwa hakumtaka. Siku aliyoanza kutembea sawasawa aliangusha beseni zima la gundi, jina likapatikana hapo hapo.

Sasa ni mbwa mzima, akisimama kwa miguu ya nyuma ananifikia kifuani. Juzi Jumatatu, mvua za kwanza zimeanza kumwagika, mama mkwe aliletwa kwetu kutoka hospitali. Alivunjika nyonga, kapasuliwa, katiwa chuma, na sasa anatembelea ile fremu ya miguu minne. Mke wangu kamshika mama yake, mimi nimebeba mifuko. Kishindo akachomoka karakana mbio, akamrukia mama wa watu kifuani kwa furaha, utadhani walipotezana miaka. Mama mkwe akadaka mwimo wa mlango. Hakuanguka. Lakini mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo silipendi.

Jioni ikatoka hukumu. "Siku mama akianguka kwa ajili ya huyu mbwa, mbwa anakwenda kwa kaka."

Kaka yake, yaani shemeji yangu, ana ghala la mbao ng'ambo ya mto. Mbwa wake hukaa kwenye mnyororo mwaka mzima, wamebweka mpaka sauti zimewakauka. Nimewaona kwa macho yangu. Nilikwenda karakana nikang'oa misumari ambayo haikuwa na haja ya kung'olewa. Na leo asubuhi nikaenda kwa daktari wa mifugo.

Alhamisi, 6 Machi

Masharti ya daktari: kumpiga ni marufuku. Neno moja kwa jambo moja. Akifanya vizuri apewe kitu kidogo pale pale, si baadaye. Kila siku atoke, atembee, apewe la kufanya. Mimi nilikuwa namwambia "Kaa! Keti! Tulia! Wewe! Nitakuchinja!" yote kwa pumzi moja. Daktari aliniuliza, "Wewe ungekaa?"

Ijumaa, 7 Machi

Maini ya kuchemsha, nimeyakata vipande vidogo kama vifungo vya shati. Nimesema "kaa" mara moja, nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Kunyamaza ni kazi, bora kushona ngozi. Akanitazama, akazunguka, akalala, akainuka, akapiga miayo. Halafu makalio yakagusa sakafu. Nikampa. Jamani, nilifurahi mpaka nikaona haya mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kutwa. Kaa, kaa, kaa. Amekaa.

Jumanne, 11 Machi

Tumetoka kabla sijafungua karakana, kamba mkononi, maini mfukoni. Kila akivuta, nasimama. Kwa hiyo safari nzima nilikuwa nimesimama. Muuza duka wa kona alitoka mlangoni akaniuliza kama natafuta nyumba ya mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Gundi haikauki kwa unyevu huu. Kishindo ametafuna kona ya sponji ya mteja. Sikumpiga. Daktari, hilo nalo uliweke kwenye hesabu zako.

Jumatano, 19 Machi

Hapa pana jambo. Karakanani Kishindo ni mwanafunzi bora. Anakaa, anasubiri, anatembea na kamba imelegea. Lakini akiingia sebuleni wakati wa kula, shetani anarudi. Anakwangua kiti cha mama mkwe, anampandishia mguu mapajani, anavuta gauni. Mke wangu anakunja uso, mimi natafuta pa kuficha wangu.

Leo kijiko kiliniponyoka, nikainama kukiokota, nikaona. Mkono wa mama mkwe chini ya meza, na kipande cha mkate kilichochovywa mchuzini. Kishindo anakwangua, mkono unashuka. Anakwangua, unashuka. Kumbe nina mwalimu mwenzangu humu ndani, na anafundisha kinyume cha ninachofundisha!

Nilimwendea mke wangu jikoni.

"Mwambie mama asimpe mbwa chakula mezani."

"Mwambie wewe. Mbwa ni wako."

"Mama ni wako."

"Ndiyo hivyo. Kila mtu ashughulike na wake."

Nimwambie vipi? Nimemwoa binti wa yule mama miaka ishirini na mbili, na sijapata kumwambia hapana. Nikimwona nashusha sauti, nashusha macho, hata kikohozi nakimeza. Yeye naye ananiita "baba" na hajawahi kuniagiza hata glasi ya maji. Tunaheshimiana mpaka tunaumwa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepata njia. Tulipokaa kula nilimgeukia mbwa, nikasema kwa upole na kwa sauti ya kusikika, "Kishindo, watu wanaokulisha mezani hawakutakii mema."

Mama mkwe akafuta mdomo taratibu, akakunja kitambaa, akamwinamia mbwa.

"Kishindo, mwambie baba yako mtu mzima hawezi kula kwa amani huku anakodolewa macho na mwenye njaa."

Mke wangu akainuka kwenda kuleta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani.

Jumamosi, 22 Machi

"Kishindo, mwambie bibi yako chai imepoa."

"Kishindo, mwambie baba yako redio inapasua masikio."

"Kishindo, mwambie bibi yako kwamba mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alisema atembee kila siku, na leo hajafika hata veranda."

"Kishindo, mwambie baba nyonga si yake."

Basi tumepata tarishi. Mbwa anageuza kichwa huku na huku. Nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa isipokuwa daktari: naona raha. Miaka yote hatujawahi kuongea hivi, mimi na mama mkwe.

Jumatatu, 31 Machi

Wiki nzima ni Kishindo mwambie huyu, Kishindo mwambie yule. Mvua haikatiki. Mama mkwe bado hatembei inavyotakiwa. Anakaa kwenye kiti chake dirishani na kusema inauma.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwita Kishindo mara kadhaa, hakutikisa hata sikio. Nikadhani yameingia maji. Nimeyasafisha kwa pamba. Yako safi kuliko yangu.

Jumapili, 6 Aprili

Tena leo. Nikisema "kaa" anakaa, hata akiwa mwisho wa veranda. Nikitaja jina lake anaendelea kunusa ukuta kana kwamba nimemtaja jirani. Kiburi hicho ametoa wapi? Nilimnunia mpaka jioni. Hakugundua.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika ovyo leo, anayetaka kusoma na avumilie.

Mke wangu alikuwa kazini. Mvua ilikuwa imekata kidogo, na dereva wa sponji akaja na mzigo. Nikamfungulia geti, nikapokea, nikatia saini, nikamuaga. Geti likabaki wazi. Nilirudi kugonga misumari, na nilipoinua kichwa, Kishindo alikuwa tayari amevuka barabara, yuko ng'ambo ananusa mtaro.

Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita kwa nguvu zote, "Kishindo! Kishindo!" Wapi! Anatembea polepole pembeni mwa barabara kama mtu asiye na haraka na dunia. Nikatoka getini na nyundo yangu bado mkononi. Hapo akaniona, akachangamka, akaanza kurudi. Na hapo hapo nikaona lori la mchanga linateremka kilimani, matairi yanateleza, dereva anapiga honi bila kuachia.

Sijui nilipata wapi akili. Nilipaza sauti, "Kaa!"

Akakaa. Pale pale pembeni, kwenye tope, makalio chini, macho kwangu. Lori likapita kati yetu. Kwa ule muda lilipokuwa linapita sikumwona, na sitaki kuuandika. Lilipomaliza kupita alikuwa bado amekaa, kachafuka mpaka nyusi, anasubiri ini lake.

Nimevuka barabara, nimemshika shingo, na nimelia, mimi na ndevu zangu, mbele ya muuza duka.

Tulipoingia getini nikasikia sauti ya mama mkwe, ndogo sana. Alikuwa chini. Alisikia zile kelele, akatoka sebuleni bila fremu yake, vigae vya veranda vimelowa, akateleza. Amekaa sakafuni, kaegemea ukuta, gauni limepanda kidogo na anajaribu kulishusha.

Nikapiga magoti. Nikanyoosha mkono kisha nikasita, maana mbali na kusalimiana sijawahi kumgusa. Akasema, "Usinivute mkono. Nishike kwapani, kama mtaalamu alivyoonyesha." Nikamshika, nikamwinua, nikamkalisha kwenye kochi la mteja lililokuwa karibu.

"Amekufa?" akaniuliza.

"Hajafa, mama. Huyu hapa."

Kishindo alikuwa amesimama chini ya ngazi za veranda, anatiririka matope. Nikasema "kaa", akakaa. Hakumrukia. Mama mkwe akajifunika uso akalia.

"Mama, kwa nini umetoka bila fremu?"

"Nilisikia unamwita na haitiki. Unaita tu na haitiki. Kwa nini haitiki?"

Jibu nililipata wakati nalitamka. "Kwa sababu tumelimaliza jina lake. Tunalitaja asubuhi mpaka usiku, na hatumwiti yeye. Mimi nakuita wewe, wewe unaniita mimi. Ameshajua jina hilo halimhusu."

Nikapiga moyo konde, nikamtazama usoni. "Mama, nakuomba usimpe tena chakula mezani."

"Mbona hukuniambia siku zote?"

"Nilikuwa nakuogopa."

"Mimi?"

"Tangu nilipokuja kuposa."

Akafuta macho kwa kiganja. "Na mimi nakuogopa wewe, baba. Ukiingia sebuleni naanza kujiuliza kama nimekalia kiti chako. Mwanangu ananiangalia kama glasi iliyowekwa ukingoni mwa meza. Wewe unanipa shikamoo halafu unakimbilia makochi yako. Humu ndani anayefurahi nikiamka ni mbwa peke yake. Ningemnyima kitu gani?"

Nilimletea maji. Aliyanywa, akanirudishia glasi, akaniambia niongeze. Ndiyo mara ya kwanza ameniagiza.

Hospitali wamempiga picha. Chuma kiko mahali pake, amechubuka tu. Mama mkwe alimweleza binti yake mwenyewe, hakuficha wala hakupunguza. Mke wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alichukua simu akampigia kaka yake. Barabara ya ghala imegeuka dimbwi, gari haipiti. Mvua zikiisha, atakuja kumchukua Kishindo.

Jumapili, 13 Aprili

Inanyesha. Wateja wanalalamika kazi zao zimechelewa kwa unyevu. Mimi namwomba Mungu isikome.

Jumatatu, 14 Aprili

Daktari wa mifugo alisoma nilichoandika mpaka hapa, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema jina lililochoka tuliache lipumzike. Tumpe mwito mpya ambao hautumiki kwa kitu kingine chochote, na kila akiuitikia apate zawadi, hata kama amekuja na kiatu cha mtu mdomoni.

Mama mkwe ndiye aliyeupata. Aliniomba kastabini yangu, kile kikofia cha chuma ninachovaa kidoleni nikishona ngozi, akagonga nacho bomba la fremu yake. Ti-ti. Kishindo akainua masikio yote mawili. Nina kastabini mbili, moja sasa ni ya mama mkwe.

Tena tumewekeana sharti. Atakayetaja jina la mbwa akiwa na ujumbe wa mtu, ataosha bakuli la mbwa. Na lile bakuli lina harufu yake.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeosha bakuli.

Jumatano, 16 Aprili

Mama mkwe ameosha bakuli. Amekaa kwenye kiti jikoni, kaliweka mapajani, analisugua huku ananung'unika. Nilipita mlangoni mara mbili kwa makusudi.

Alasiri tulianza somo jipya. Kishindo atembee ubavuni mwa fremu, fremu ikisimama naye akae. Nilidhani litachukua mwezi. Lakini mama mkwe ana mfuko wa gauni na mfuko una maini, na mwendo wake ni wa pole, basi mbwa hana budi kwenda pole. Kumbe nilipokuwa nikimfundisha mimi nilikuwa natembea haraka mno. Wametoka kiti cha dirishani mpaka mlango wa veranda. Mama mkwe jasho linamtoka.

"Inauma, mama?"

"Inauma. Lakini nikisimama katikati, atajifunza kusimama katikati."

Ijumaa, 18 Aprili

Mlango wa veranda, kwenda na kurudi. Mvua ya mawe kidogo.

Jumanne, 22 Aprili

Wamefika geti! Nilikuwa nasuka mkanda wa springi, nikasikia ti-ti, nikatoka nje. Mama mkwe kashika geti kwa mkono mmoja, Kishindo kakaa kando yake kama askari. Mtaalamu wa mazoezi alipofika kesho yake alitaka kumwonyesha jinsi ya kushuka ngazi. Mama mkwe akamwambia asogee, mbwa yuko kazini. (Sentensi hizo mbili za mwisho nimeziongeza Jumatano.)

Alhamisi, 24 Aprili

Nilimwomba mke wangu aje atazame mazoezi. Akasema hana muda. Nikamuuliza, bila kuzunguka maana naona nimeanza kuzoea, "Kwa nini unamchukia huyu mbwa?"

Alikuwa anakunja nguo. Akakunja ile ile mara mbili.

"Simchukii. Mama alipovunjika nyonga nilimkuta mimi. Alikuwa ameanguka jikoni kwake tangu asubuhi, nami nikafika jioni. Alikuwa ameshaacha kuita. Sasa kila nikirudi kutoka kazini, nikigeuza ufunguo mlangoni, namtafuta kwanza sakafuni. Kila siku. Halafu unanitaka nikae na mbwa anayeruka watu."

Nilijua alianguka jikoni. Hilo la kuacha kuita sikulijua. Wiki zote hizi nimekuwa namwona mke wangu hakimu, kumbe ni mtu mwenye hofu na anarudi nayo nyumbani kila jioni. Nilimsaidia kukunja shuka.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Asante.

Jumamosi, 3 Mei

Duka la kona, kwenda tu. Kabla ya kurudi tuliazima kiti, mama mkwe akapumzika mbele ya duka kwa muda mrefu, Kishindo kalala miguuni. Watoto wa shule walipita mbio. Kishindo alianza kuinuka. Akatazama fremu. Haikutembea. Akalala tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga macho.

Jumanne, 6 Mei

Mama mkwe amenituma dukani nikamletee sabuni, halafu akaniita nirudi kwa kuwa amesahau kusema ya kipande. Nimekuwa mtoto wa nyumba hii rasmi.

Ijumaa, 9 Mei

Leo haikunyesha. Sikupenda.

Jumamosi, 10 Mei

Imenyesha! Nilisimama veranda nikilowa nusu, mteja mmoja akaniuliza nina nini cha kufurahia.

Alhamisi, 15 Mei

Manyunyu tu. Asubuhi tunatoka mimi na Kishindo, tunazunguka mpaka uwanjani, namwachia kamba ndefu. Nagonga kastabini kwenye kifungo cha mkanda wangu, anarudi akikimbia, masikio nyuma, ulimi nje. Kila mara. Zamani nilikuwa namwita ninapotaka kumfunga tu au kumgombeza. Ningekuwa mimi nisingekuja pia. Siku hizi namwita, nampa, namwachia aende tena, na anakaa karibu bila kuambiwa.

Jumatano, 21 Mei

Jua kutwa. Gundi imekauka upesi. Nimemaliza makochi mawili, na moyo mzito.

Jumapili, 25 Mei

Jua. Vumbi dogo barabarani. Mama mkwe hataji jambo lile na mimi silitaji. Alasiri alisema tu, "Mkwe, tuongeze mzunguko mmoja." Tukaongeza.

Ijumaa, 30 Mei

Shemeji amepiga simu. Barabara imekauka. Anakuja kesho.

Mke wangu alipoweka simu chini alinitazama akasubiri. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikaenda karakana kutafuta misumari ya kung'oa.

Jumamosi, 31 Mei

Shemeji alifika na pikapu mapema, mnyororo begani. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mama mkwe na Kishindo walikuwa wanarudi kutoka dukani, wao wawili, mimi nawafuata kwa mbali kama kawaida.

"Mama!" Shemeji akapaza sauti, akamjia kwa mikono iliyofunguliwa. Ni mtu mkubwa, akichangamka anachangamka kweli. Kishindo wa Machi angemrukia mpaka kofia. Huyu alitazama fremu. Fremu ilisimama. Akakaa.

Wakakumbatiana. Shemeji akamsifu mama yake alivyotembea, akamuulizia usingizi, akamuulizia nyonga. Kisha akainama akamfunga Kishindo mnyororo shingoni.

Kishindo hakutikisika. Fremu imesimama, naye kafundishwa fremu ikisimama anakaa. Akanitazama mimi, ananisubiri nimpe ini. Hapo roho ilinipasuka. Mimi ndiye niliyemfundisha utulivu huo, na sasa utulivu huo ndio unaomrahisishia mtu kumchukua.

Shemeji akavuta. Mbwa akainuka, akaenda hatua chache kuelekea gari, shingo kageuza nyuma. Mama mkwe akagonga fremu. Ti-ti. Kishindo akageuka kuja. Mnyororo ukakaza. Hakubweka wala hakuvutana. Alikaa chini pale mnyororo ulipoishia, uso kwa mama mkwe, akangoja.

"Mzito huyu!" akasema shemeji.

Nikafungua mdomo. "Kishindo, mwambie mjomba wako..."

Mama mkwe akanitazama. Nikalimeza lile nililoanza, nikamgeukia mke wangu mlangoni.

"Nampenda huyu mbwa," nikasema. "Nilimtoa ndani ya kochi kwa mikono yangu. Sitaki aende. Nakuomba."

Shemeji akatazama viatu vyake.

"Tangu Machi nasubiri useme," akasema mke wangu. "Kila nikikutazama unakwenda kung'oa misumari. Nikadhani mbwa mwenyewe hakuhusu sana."

"Ananihusu."

"Nimesikia." Akashuka ngazi za veranda. "Jana niligeuza ufunguo mlangoni, nikasikia fremu inagonga na kucha za mbwa sakafuni. Nikaenda moja kwa moja jikoni kuweka chai. Sikumtafuta mama chini. Nilikumbuka baadaye kwamba sikumtafuta." Akafuta jicho kwa haraka kama kuna mdudu. "Kaka, mfungue."

"Dada, nimetoka nyumbani jua halijachomoza!"

"Ndiyo maana utakunywa chai."

Akamfungua. Mama mkwe akagonga fremu, na Kishindo akarudi ubavuni kwake, akakaa, akapata ini lake lililochelewa. Halafu mama mkwe akaniita.

"Baba."

"Naam, mama."

"Ulianza na jina la mbwa. Nimesikia, na huyu mtu mzima ni shahidi."

Nimeosha bakuli. Shemeji alisimama mlango wa jikoni na kikombe chake mkononi, akinitazama nasugua, akauliza nyumba hii siku hizi ina nini. Mama mkwe akamwambia asogee, anaziba njia, na mbwa anataka kupita.